Ukurasa wa Tatu wa Barua ya Babu

Barua ya babu niliisoma mistari sita ya juu na mistari minne ya chini, halafu nikamwambia mama nimemaliza. Ilikuwa na kurasa nne. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jambo la kijinga nililofanya kwanza. La pili nililifanya siku tano baadaye, na hilo lina video.

Mama yangu ni fundi cherehani. Anashonea kwenye baraza la duka la vitambaa, hatua chache kutoka sokoni, hapa Sumbawanga mjini. Duka ni la bibi mmoja wa Kiislamu ambaye familia yake ilikuwa na maduka na magari ya mizigo kabla mama hajazaliwa. Bibi huyo ananiita Profesa, na si kwa kunisifu. Aliniita hivyo siku nilipomweleza jinsi ya kupika pilau, yeye, nikiwa nimesoma mahali fulani kwenye simu kwa muda usiofika dakika moja.

Babu ni baba yake mama. Anaishi kijijini, ukishapita Matai, njia ya Kasanga, pale ambapo nchi yetu ya juu inakaribia kwisha na barabara inajiandaa kuteremka ziwani. Mimi na yeye tunaitana mtani. Ana simu ya kitochi, lakini mtandao kwake unapatikana juu ya kilima kimoja tu, na tangu macho yaharibike hazioni namba. Kwa hiyo anaandika barua. Anakata kipande cha boksi, anakitoboa dirisha refu jembamba, anakilaza juu ya karatasi na kuandika humo ndani ili mstari usipande wala kushuka. Akimaliza mstari mmoja anateremsha boksi. Herufi zake ni kubwa kama maharage. Barua akiimaliza, anampa dereva wa Fuso la dagaa linalotoka Kasanga, na dereva anaifikisha dukani.

Hii ya safari hii ilifika Ijumaa mchana, inanuka dagaa. Mama alikuwa na magauni meupe ya watoto wa komunio ya kwanza, kumi na saba, na kitambaa cheupe hakitaki mikono iliyoshika bahasha kama ile.

"Nisomee," akasema, mguu hautoki kwenye pedeli.

Nikafungua. Nikasoma kwa sauti ya redio: "Mwanangu mpendwa, pokea salamu nyingi kutoka kwa baba yako mzazi. Sisi huku wazima kwa neema ya Mungu, wasiwasi wetu ni ninyi mlio mbali." Nikasoma na mistari mingine miwili mitatu ya namna hiyo. Hapo macho yangu yakafanya kile ambacho siku hizi yanafanya bila kuniuliza: yakateleza. Yakapita ukurasa wa pili kama mtu anayepita mbele za watu asiotaka kuwasalimu, yakapita wa tatu, yakatua chini kabisa ya ukurasa wa nne, pale palipoandikwa kwamba mkono umechoka lakini maneno hayajaisha, msalimie kila anayenifahamu, ni mimi baba yako. Nikasoma hiyo nayo. Kwa hisia.

"Basi?" mama akauliza.

"Basi."

"Kurasa nne?"

"Mama, herufi moja ni kama harage. Katikati ni salamu tu. Anamsalimia huyu, anamsalimia yule, mbuzi nao wanatusalimia. Mvua ilikuwa nzuri. Hajambo."

Mama akacheka, kwa sababu ya mbuzi. Bibi mwenye duka alikuwa amekaa kwenye kiti chake na kikombe mkononi. Yeye hakucheka.

"Profesa, chai yangu bado inaunguza na wewe umemaliza kurasa nne?"

"Bibi, siku hizi tunasoma kwa spidi."

"Mimi ukurasa mmoja wa msahafu unanichukua asubuhi nzima."

"Ule ni Kiarabu, bibi."

"Hata ungekuwa Kiswahili ungenichukua asubuhi nzima," akasema, akanywa chai yake.

Mama akaniambia niiweke barua kwenye droo ya cherehani, kwenye bobini na chaki, ataisoma mwenyewe akipata nafasi. Mama anasoma kwa kidole. Anaweka kidole chini ya neno, midomo inacheza, halafu kidole kinahamia neno linalofuata kama fundi anayehakikisha tofali moja limekaa kabla ya kuleta jingine. Nilikuwa namwigiza mbele ya washikaji zangu, wanaanguka chini kwa kicheko. Nafasi hakuipata. Jumamosi magauni, Jumapili kanisani, Jumatatu mama mmoja akarudisha gauni kwamba mtoto amenenepa, Jumanne likaja jingine.

Nieleze kidogo hiyo spidi yangu, kwa sababu sikuzaliwa nayo.

Nikiwa darasa la tano nilikuwa nasoma mpaka maandishi ya kwenye mfuko wa saruji. Nilisoma magazeti yaliyofungiwa maandazi, nikakasirika yakikatika katikati ya habari. Simu niliipata nikiingia kidato cha kwanza, mabaki ya mama mdogo, kioo kina ufa. Mwaka wa kwanza nilikuwa napanga: nasoma kitabu, halafu simu. Mwaka wa pili nikawa nasoma kitabu huku simu iko pembeni. Sasa niko kidato cha tatu, na kitabu ndicho kinachokaa pembeni. Shuleni simu ni marufuku, kwa hiyo yangu inashinda ndani ya soksi, mguu wa kulia. Kuna mwalimu mmoja anaamini nina tatizo la kisigino na ananionea huruma.

Darasani nina sifa ya kujua kila kitu. Ukweli ni kwamba najua vichwa vya habari vya kila kitu. Ukinipa hadithi ya ufahamu, naanza na maswali, narudi juu kuwinda majibu, sikutani na hadithi yenyewe. Kuna kitabu cha fasihi nilikijadili mbele ya darasa zima kwa dakika kumi, nikapigiwa makofi, na mpaka leo sijawahi kukishika mkononi. Rafiki yangu tunayekaa dawati moja ndiye aliyekisoma chote. Alipata alama ndogo kuliko mimi. Aliponiuliza nimefanyaje nikamwambia yeye amepoteza muda ndani ya kitabu wakati mimi nilikuwa nimesimama mlangoni naona kila anayeingia na kutoka. Nilipenda jibu hilo. Nililiweka status.

Sasa Jumatano.

Ilikuwa siku ya upepo, ule wa mwezi wa sita unaokufanya uvae sweta juu ya sweta na bado unakukuta. Tulitoka shule saa nane na nusu. Kutoka shuleni kwenda dukani kwa mama napita stendi, si lazima, ila stendi kuna vitu vya kuona. Simu ilishatoka kwenye soksi. Masikioni nilikuwa na vile vispika vidogo visivyo na waya, na kofia ya sufu juu yake.

Karibu na saa tisa nikamwona mzee mmoja amesimama. Nilimwona kwa nyuma. Koti refu la mtumba linashuka chini ya magoti, kofia imeshuka mpaka shingoni, mkono mmoja kikapu chenye jogoo, mkono mwingine fimbo. Amesimama wima katikati ya njia ya watu, pale magari ya Matai yanaposhushia. Watu wanampita kulia na kushoto, wapiga debe wanamzunguka, yeye hasogei. Jogoo tu ndiye aliyekuwa anageuza kichwa.

Niliona ni kichekesho kizuri. Nikafungua kamera, wimbo ukakatika wenyewe, vispika vikabaki vimeziba masikio. Nikamrekodi kutoka hatua tano hivi, nacheka. Katikati ya kurekodi aligeuza shavu kidogo upande wangu na midomo ikacheza. Nikafikiri ni wale wazee wanaoongea peke yao. Hata hivyo macho yangu yalikuwa yameshashuka chini ya kioo natafuta maneno ya kuandika. Nikaandika: "Huyu aliambiwa 'subiri hapa' tangu mwaka wa uhuru." Nikaweka vile vikatuni vitatu vinavyocheka mpaka machozi. Nikaituma, nikaondoka.

Mpaka nafika sokoni watu arobaini na moja walikuwa wameiona. Nilihesabu mara tatu. Video yenyewe sikuiangalia. Video yako mwenyewe unaiangalia ya nini, ulikuwepo.

Dukani nilimkuta mama anakata mikono ya gauni la mtoto aliyenenepa. Nikamwamkia bibi, nikakaa kwenye ngazi ya baraza, nikaendelea kuhesabu. Saa kumi na nusu simu ya mama ikalia. Alikuwa mama mdogo, anaishi Mpanda. Mama mdogo anaangalia status za watu wote, hata za wale aliogombana nao. Za wale ndiyo anaziangalia mara mbili. Na simu ya mama, ukipokea, baraza zima linapokea.

"Dada, baba amekuja mjini lini?"

"Baba yupi?"

"Baba! Tuna baba wangapi? Yuko stendi. Mwanao amemrekodi."

Mkasi ukasimama. Mama akanigeukia. Nikasema kwa sauti ili nisikike mpaka Mpanda:

"Siyo babu, mama mdogo. Ni mzee tu wa stendi."

"Mzee tu wa stendi? Wewe mtoto, umeisikiliza?"

"Nimeirekodi mimi!"

"Nimekuuliza umeisikiliza. Weka sauti. Sikiliza mpaka mwisho."

Nikatoa kispika sikioni, nikaweka sauti, nikamshikia mama kioo mbele ya uso. Ni sekunde tisa. Mwanzoni unasikia mpiga debe anaita Matai, Matai, na mtu anacheka karibu sana na simu. Huyo ni mimi. Sekunde ya tano mzee anageuza shavu. Sekunde ya saba anasema, sauti ya chini lakini safi kabisa: "Mtani? Ni wewe, mtani?"

Halafu inarudi mwanzo yenyewe. Matai, Matai.

Mama aliweka mkasi chini. Alifuta mikono kwenye kanga, akavuta droo, akaitoa barua chini ya bobini. Akaanza kusoma, kwa kidole, kuanzia tarehe. Nikamwambia mama, twende kwanza, tutasoma baadaye. Akaniambia ninyamaze. Kidole kikapita salamu zote, neno kwa neno, na mimi nimesimama nakiangalia kinavyokwenda. Wakati huo ningeweza kukikimbiza kwa mikono yote miwili. Ukurasa wa pili. Ukurasa wa tatu, katikati, akaanza kusoma kwa sauti:

"Sasa mwanangu, jambo dogo. Lile jicho lililobaki nalo limeanza kufunga. Ulezi mwaka huu nimekata masuke kwa kupapasa, na mara mbili nimekata kidole. Kanisani wametangaza kwamba madaktari wa macho watakuwa hapo mjini, kwenye hospitali, Jumatatu mpaka Jumatano, wanatoa mtoto wa jicho, mwisho saa kumi jioni. Jumatatu na Jumanne sina gari. Nitakuja Jumatano asubuhi. Namwomba mtani anipokee stendi, maana vibao sivioni wala nyuso za watu. Nitasimama palepale nitakaposhushwa, sitasogea, ili asipate taabu ya kunitafuta. Ng'ombe mwekundu amezaa dume."

Bibi mwenye duka alikuwa ameshasimama. Akamwita dereva wa kirikuu chao cha mizigo, aliyekuwa nyuma anapakua marobota, akamwambia aache marobota.

"Alianzia wapi kusema shida yake?" bibi akamuuliza mama tukiwa tunapanda.

"Ukurasa wa tatu," mama akasema. "Baba hawezi kuanza na shida yake. Atamaliza za watu kwanza."

Hilo nililijua. Ndiyo ubaya wake. Wazee wa kwetu hawaingii kwa mtu wakaanza na haja; watauliza watoto, watauliza mifugo, watakupa habari za msiba wa jirani, watasifu mvua, na haja itapita hapo katikati kama haina uzito, halafu wataifunika na ng'ombe. Nimekaa na babu likizo ngapi, nimeona akifanya hivyo kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa padre, kwa muuza mbegu. Lakini kwenye simu jambo kubwa linakaa juu, limekolezwa wino. Nilikuwa nimesoma barua ya babu kama kitu kilichoandikwa na watu wa simu.

Tulimkuta palepale. Kivuli cha nguzo ya taa kilikuwa kimemfikia miguuni, basi. Mama alishuka kirikuu kabla hakijasimama vizuri, akapiga magoti kwenye vumbi la stendi mbele ya kila mtu, akapiga makofi yale ya taratibu ya kusalimia wazee, akamwamkia kwa Kifipa. Babu akaitika. Akamuuliza habari za watoto, za kazi, za magauni. Akamuuliza na habari za bibi mwenye duka. Mama alijibu zote akiwa amepiga magoti, moja baada ya nyingine, hakuruka. Hapo babu ndipo akasema:

"Mtani yuko wapi?"

"Niko hapa. Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ulikuwa bado unafunga kamba za viatu?"

"Ndiyo, babu."

"Viatu vya siku hizi vina kamba ndefu."

Wapiga debe wawili wakacheka. Mmoja akatuambia walimsogeza mara mbili asigongwe, akarudi palepale. Mama muuza maandazi alimpa chai ya saa nne na ya saa saba. Babu alikuwa amesimama tangu saa tatu asubuhi.

Hospitali tulifika saa kumi na moja na dakika kadhaa. Kwenye kile chumba muuguzi mmoja alikuwa anakunja mashuka ya kijani na kuyapanga kwenye boksi.

"Madaktari wa macho?" mama akauliza.

"Wameondoka, mama. Gari limetoka sasa hivi, hata nusu saa haijaisha. Walimsubiri mpaka mtu wa mwisho kwenye daftari."

"Na yeye angeandikwa saa tisa, wangempokea?"

Muuguzi akafikiri. Laiti angesema hapana.

"Saa tisa? Wangempokea. Saa tisa na nusu walimfanyia mama mmoja wa Kipili."

Mama hakunitazama. Muuguzi akawasha tochi, akammulika babu, akamwambia tazama juu, tazama chini. Akasema hili moja bado linasaidika, lakini tusikae nalo sana. Watarudi lini? Hajui, wakileta taarifa watatangaza, safari iliyopita ilikuwa mwaka jana. Au Mbeya. Mbeya alisema kwa sauti ya mtu anayejua kwamba anaowaambia hawaendi kesho.

Tukirudi, mama alikaa mbele na dereva, mimi na babu na jogoo tukakaa nyuma juu ya marobota yaliyobaki. Upepo ulikuwa mkali. Babu akaniambia, kama mtu anayepitisha muda:

"Karibu saa tisa kuna kijana alisimama nyuma yangu. Viatu vyake vinaburuta kama vyako. Nikaita. Akacheka, akaenda zake."

Nikakivuta kikapu cha jogoo karibu.

"Nikasema basi, siye. Mtani wangu angeitika."

Sijui kama alikuwa anajua. Kwa utani wa babu huwezi kujua, na mimi ndiye mtu wa mwisho wa kumuuliza. Nilikuwa nimeshaifuta ile video tangu dukani, lakini mshikaji mmoja wa darasani alikuwa ameihifadhi, akairudisha kwenye kundi letu na maneno yake mapya, bora kuliko yangu. Ikaenda kidato cha nne. Usiku huo watu niliokuwa siwajui walinitumia babu yangu wakiniambia, kaka, angalia hii, utakufa.

Alikaa kwetu mpaka Jumamosi. Alhamisi nilipotoka shule mama alikuwa amerudi nyumbani mapema, kitu ambacho hafanyi. Walikuwa wamekaa jikoni, wanaota moto wa mkaa, barua iko juu ya kigoda.

"Soma," mama akaniambia. "Yote. Kwa sauti. Aliyeiandika yuko hapa, atakusahihisha."

Nikasoma. Ukurasa wa kwanza ulikwenda. Nilitaka tu kumaliza, na babu alikuwa anaitikia kwa koo kila salamu, kana kwamba zinatoka kwa mtu mwingine. Ukurasa wa pili, mstari wa tisa, kitu cha ajabu kikatokea: kidole gumba changu kilisukuma karatasi juu. Sikukituma. Kilisukuma tu, kama kinavyosukuma kioo, karatasi ikajikunja, na mstari wa tisa ukabaki palepale.

"Mbona karatasi inalia?" babu akauliza.

"Anaipapasa," mama akasema.

"Ah. Kama mimi na ulezi."

Nikainyoosha, nikaweka kidole cha shahada chini ya neno. Mama aliona. Nikaendelea, neno, neno. Hapo ndipo nikafika mahali ambapo, kama ningefika hapo Ijumaa, hadithi hii isingekuwepo. Ilikuwa chini ya ukurasa wa pili, baada ya msiba wa jirani:

"Najua anayekusomea ni mtani, maana wewe mikono yako haina nafasi. Mtani, wewe ndiye macho ya nyumba. Usiende mbio. Barua hii nimeiandika siku nne, kwa sababu jua likishuka sioni boksi. Nakusalimu wewe peke yako. Sasa msomee mama yako ukurasa unaofuata."

Niliyasoma hayo kwa sauti ileile niliyosomea habari za msiba. Kisha nikasoma ukurasa unaofuata, mpaka ng'ombe mwekundu, mpaka mkono uliochoka. Ilichukua muda mrefu kuliko video zote ninazoweza kuzikumbuka. Nilipomaliza babu akasema nimemsoma vizuri, ila ng'ombe nimemsoma bila furaha.

Jumamosi nikampeleka stendi. Nilimtafutia kiti cha dirishani, kisha nikakumbuka dirisha halimsaidii, nikambadilishia cha karibu na mlango asipate taabu kushuka. Jogoo alibaki kwetu. Babu akanishika kichwa, akanisukuma kidogo, ndiyo kwaheri yake. Gari lilipoondoka nilibaki nimesimama pale aliposimama yeye, nikajaribu kufumba macho. Nilihesabu mpaka hamsini hivi, mpiga debe akaniambia dogo toka barabarani.

Nikarudi dukani. Mama alikuwa kwenye cherehani, bibi kwenye kiti chake. Nikasema ameondoka salama. Nikasema samahani, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, na nilisema nikiangalia bobini. Cherehani ikasimama. Mama akanyoosha mkono, nikampa simu, akaiweka kwenye droo, juu ya barua, akafunga. Kisha akasema:

"Mimi nitakuwa napita pale hospitali kila Jumatatu kuuliza. Siku wakisema madaktari wanakuja, hatumwandikii babu yako, wala hatumtumi mtu. Utapanda gari la Matai wewe, utafika mpaka kwake, utamsalimu mpaka amalize, halafu utamshika mkono uje naye. Simu itabaki humu. Na njia nzima utakuwa unamwambia unachokiona, kila kibao, kila shamba, kila mtu aliyesimama barabarani, mpaka mlango wa daktari. Usimfupishie."